Gumba la Speransia

Mama Skola alinipigia simu saa ya mapumziko. Anajua sipokei vizuri habari mbaya nikiwa na chaki mkononi, na nadhani alikuwa ameishika simu tangu alfajiri akisubiri kengele ya shule yetu huku Nyamigogo ilie. Alisema, "Mwalimu, mzee ametangulia," kisha akaniuliza kama nimekula. Nikamjibu kwamba nimekula, jambo ambalo halikuwa kweli, halafu nikabaki ofisini nikijiuliza kwa nini nimemdanganya mjane katika siku ya kwanza ya ujane wake, na kama alitambua, na kama akitambua atafikiri nini. Ndivyo nilivyo. Kesho yake nilipita Lusahunga na Benaco nikafika Kirushya, kijijini kwa mzee, jua likiwa bado juu, nikakaa mkekani pamoja na akina mama wengine. Bibi mmoja asiyenifahamu akauliza kwa Kihangaza huyu ni wa nani, na jirani akamjibu kwa Kiswahili, makusudi ili nisikie, kwamba mimi ndiye yule digrii aliyekuwa akiwaoshea senti. Wakacheka kile kicheko cha msibani kinachofichwa ndani ya kanga. Nami nikacheka, nikashindwa kuacha, kicheko kikanigeukia, na bibi yule yule aliyeuliza akakivuta kichwa changu begani kwake.

Mwaka ninaoukumbuka ni ule wa kwanza baada ya chuo. Nilikuwa na shahada ya kemia na sikuwa na kazi. Shule ya kata ilinikubalia nijitolee kufundisha, na mkuu wa shule akanitafutia chumba kwa Mzee Gervasi, mkulima aliyevuka kutoka Burundi akiwa kijana katika wimbi la kwanza la wakimbizi, akabaki, akalima migomba na maharage mpaka watu wakasahau kwamba aliwahi kuwa mgeni. Ukuta kati ya chumba changu na sebule haukufika juu. Kila kilichosemwa sebuleni nilikisikia, na kila nilipojigeuza kitandani nao walinisikia. Wiki ya kwanza tu nilimsikia Mama Skola, mke wake wa pili, akimwambia mumewe, "Huyu mtoto anapumua kama mtu anayepanda kilima." Mzee akajibu, "Anafikiri." Mama Skola akasema basi afikiri polepole, maana atatumalizia hewa. Nilibana pumzi nikaanza kuhesabu, kama nilivyofanya kila siku mwaka ule kifua kilipobana. Kilibana mara nyingi. Mtandao ulishika juu ya kichuguu kimoja tu nyuma ya choo, na kila jioni nilisimama pale juu, mbele ya kuku na mbuzi, nikitafuta jina langu kwenye simu kati ya majina ya walioajiriwa. Sikuliona. Niliposhuka nilijua jikoni wamekwisha kuusoma uso wangu, na siku hizo Mama Skola alinipakulia ndizi nyingi kuliko kawaida. Nilizila zote huku nikihisi kwamba kila ndizi ni deni.

Jumapili baada ya misa tulikula sebuleni. Ilikuwa sebule ya viti vya mbao vyenye vitambaa vya kufuma, kalenda ya parokia, na dirisha moja lililotazama migomba. Baada ya ndizi na maharage mzee alikunywa rubisi kidogo, ile pombe ya ndizi, akafuta mikono, akavuta kopo kuukuu la maziwa ya unga kutoka chini ya kiti. Mama Skola akainuka akatoka. Kila Jumapili alitoka wakati huo, nami kila mara nilijiuliza kama nitoke naye au nibaki, na kwa kuwa sikuwahi kuamua, nilibaki. Ndani ya kopo mlikuwa na sarafu za shaba: hela ndogo za Mjerumani zenye taji, senti za Mwingereza zenye tundu, santimu za Mbelgiji. Nyingine alizifukua kwa jembe shambani, nyingine alipewa na watu waliopita njia hii kwa miaka mingi, wakienda na kurudi. Wanunuzi waliwahi kufika kutoka Mwanza wakitafuta za kale. Walizigeuzageuza, wakaona madoa, wakasonya, wakaondoka. Mzee alicheka aliponieleza. Alisema wamejisumbua, kwani hakuwa akiuza.

Alizipanga juu ya kitambaa moja moja, kisha akachovya kidole kwenye kibuyu kidogo cha siagi ya ng'ombe, akapaka kila sarafu kama mtu anayempaka mtoto baada ya kumwogesha. Ya mwisho ilikuwa hela kubwa ya Mjerumani, pana na nzito kuliko zote. Hiyo hakuipaka upesi. Aliiweka karibu na uso, akaizungumzia kwa Kirundi kwa sauti ya chini, nami nikashika maneno mawili tu, *mwana wanje*, mwanangu. Kisha akaitemea kile kimate chepesi ambacho mzee humbariki nacho mtoto anayesafiri, akaweka kidole gumba chake chini ya taji, akakiacha pale kwa muda mrefu. Alipokiondoa nikasogea. Kwenye shaba ile palikuwa na kidole gumba kingine, kidogo kuliko chake, kimechorwa kwa mistari ya kijani myembamba, iliyozunguka kama ya konokono. Kilikuwa kizima. Ungeweza kuhesabu mistari.

Kilikuwa cha Speransia, binti wa mke wake wa kwanza. Miaka ile kambi ya Benaco ilipojaa wakimbizi wa ng'ambo, Speransia alikuwa akipeleka maziwa kule, na huko akampata mume. Wakimbizi walipoanza kuondoka, naye akaondoka na mumewe. Asubuhi ya safari alikuwa akisukasuka maziwa kwenye kibuyu, akisema hawezi kumwachia baba yake nyumba isiyo na siagi. Mzee akamletea ile hela kubwa iwe ukumbusho. Akaipokea kwa mkono ule ule wenye siagi, akaitazama, akamrudishia. Akasema njiani wanapekuliwa, kwa hiyo baba amtunzie, atakuja kuichukua. Mzee akaiweka kwenye kopo. Mvua za msimu ule zilipokwisha, naye akiwa hajapata habari yoyote, alifungua kopo akaukuta mchoro wa kidole. Aliniambia kwamba alilia, halafu akafikiri. Vitu vingine vyote vya Speransia vilikuwa vimeoza au vimegawanywa. Kidole kilibaki kwa sababu ya siagi. Tangu hapo akawa anazipaka sarafu zote siagi, na hela ile zaidi ya zote, kila Jumapili, ili kilichobaki kisiondoke.

Siku hiyo ndiyo aliyoniuliza. "Mwalimu, wewe umesomea vitu na tabia zao. Mbona zinaugua?" Akanionyesha. Kulikuwa na madoa meusi madogo kama pilipili manga iliyomwagika. Na kulikuwa na kitu kibaya zaidi, unga wa kijani hafifu uliokaa ndani ya vishimo. Ukiufuta leo, wiki ijayo umerudi, na kishimo kimeongezeka. Kwenye hela kubwa unga ule ulikuwa umefika ukingoni mwa gumba. Mzee alikuwa na mtoto wa jicho, haoni vizuri, lakini Mama Skola alikuwa amemwambia mistari ya pembeni imeanza kukatika. Akaeleza taratibu, kama mtu anayemwelekeza mpita njia. Speransia akirudi atakuwa mama mtu mzima. Sura yake ameisahau, au yeye mwenyewe amebadilika, na macho haya hayatasaidia. Wamewahi kufika wanawake wawili, kwa nyakati tofauti, kila mmoja akasema ndiye. Aliwapa hela wakaweka kidole, akamwita Mama Skola atazame, mistari haikulingana, wakaondoka. "Huyo wa kweli akija," alisema, "nitamjua kwa hicho tu. Kikifutika atakuja na nitamfukuza."

Nilimwambia nitaangalia. Ni neno dogo, lakini mtu kama mimi hawezi kulisema bila kulala nalo. Nilikuwa nimeshindwa kupata kazi, nimeshindwa kuwatumia nyumbani hata sukari, na sasa mzee wa watu alikuwa ameniwekea mkononi kitu pekee alichobaki nacho cha mwanawe. Kesho yake, nikimenya ndizi nje ya jiko, nilimsikia jirani akimuuliza Mama Skola kama ni kweli miaka yote hiyo ya shule nimekuja kuosha senti. Mama Skola akasema ningeanza na sufuria zake. Wakacheka. Kisha sauti yake ikashuka. Alisema, "Mimi sikumzaa yule binti wala sikumwona. Lakini nimeishi na kidole chake muda mrefu kuliko alivyoishi naye mama yake." Nikaendelea kumenya ndizi ambazo tayari zilikuwa zimemenywa.

Katika maabara ya shule kulikuwa na kioo cha kukuzia na chupa chache. Nilizichukua sarafu tatu nne mbovu nikazitazama kila kipindi cha mchana, na kadiri nilivyozitazama ndivyo nilivyotamani nisingesomea kemia. Siagi ikichacha hutoa asidi, nayo asidi ile huila shaba na kuifanya kijani. Madoa meusi huanza na tone dogo la mate au unyevu lililokauka pale. Unga wa kijani hafifu huletwa na chumvi, na chumvi iliyofika sebuleni kwa Mzee Gervasi kila Jumapili ilitoka kwenye jasho la kidole. Nilirudia hesabu hiyo nikitumaini nimekosea. Siagi, baraka, gumba. Hakukuwa na adui mwingine. Mzee alikuwa akimla mwanawe kwa kumpenda, na mimi ndiye niliyepaswa kumwambia.

Nilichelewa. Nilijifanya nasubiri vifaa. Nilifanya mazoezi ya maneno nikiwa peke yangu darasani, nikiyaandika ubaoni na kuyafuta, na kila nilipoyasikia masikioni mwangu yalikuwa ya kikatili. Mwishowe niliyasema vibaya, katikati ya chakula cha mchana, tonge likiwa mkononi. Nilisema kwamba asiipake tena hela ile siagi, asiisemeshe mdomo ukiwa karibu, wala asiishike. Mama Skola aliacha kupakua. Mzee akaweka kijiko chini.

"Kwa hiyo ni mimi."

"Si wewe, baba. Ni chumvi ya jasho."

"Jasho la nani?"

Mzee alinawa mikono, akaenda kukaa nje chini ya ukingo wa bati, akavitazama vidole vyake huku na huku kama mtu anayekagua jembe. Chakula chake nilikiona kikipoa mpaka maharage yakaota ngozi juu. Jumapili iliyofuata alifungua kopo kama kawaida, lakini viganja vyake alivikalia, kimoja chini ya kila paja, na mdomoni alikuwa amefunga leso ya mkewe. Mama Skola alichungulia kutoka mlangoni, akasema, "Mtu akipita atadhani tumekamata mwizi wa ndizi," na mzee akacheka ndani ya leso. Mimi sikuweza kucheka. Nilimwona akiinama kusema na mwanawe, akakumbuka, akanyamaza.

Tukaanza na sarafu nyingine, ili kama nitaharibu, niharibu hizo. Siagi ya miaka mingi haitoki kwa maji. Inahitaji asetoni. Ya kwanza niliinunua saluni Benaco, ile ya kufutia rangi ya kucha. Nikadondosha tone kwenye kioo, likakauka likaacha duara la mafuta yenye harufu ya waridi, nikaimwaga. Nilimsihi rafiki wa chuo aliyefanya kazi maabara ya mjini, akanitumia chupa safi. Maji ya kusuuzia ilibidi yasiwe na chumvi yoyote, kwa hiyo nikaenda kwa fundi wa betri. Alikuwa na madumu mawili yanayofanana, moja la maji na moja la asidi, akanipa moja huku akiongea na simu. Nilirudi nalo nyumbani, nikaliogopa, nikaweka ndani ya kikombe cha maji yale chembe za magadi na kusubiri kama yatachemka. Hayakuchemka. Nikarudia. Mama Skola akasema kwa kasi hiyo tutazikwa na senti hazijaoga.

Nilizilowesha, nikazisuuza, nikazichokonoa unga wa kijani kwa ncha ya mwiba wa mlimau, kwa kuwa mwiba ni laini kuliko shaba na sindano ingeikwaruza. Zile zilizozidiwa nilizilaza wiki nyingi kwenye mafuta ya watoto wachanga, yale ya maji maji yasiyochacha. Madoa meusi niliyaacha. Mzee aliuliza kwa nini, nikamweleza kwamba doa jeusi likishaingia, huliondoi bila kuondoa na ngozi ya sarafu. Unachoweza ni kulizuia lisipate wenzake. Mama Skola hakuamini. Alichukua senti moja yenye tundu akaisugua kwa limau na majivu kama anavyosugua sufuria, ikang'aa pinki kama mtoto wa panya. Akaiweka mezani kwa fahari. Mzee akaipapasa, akaisogeza pembeni. "Huyu simjui," alisema. Kabla mwezi haujaisha ilikuwa imeota madoa kuliko zote, na Mama Skola akaitupa kwenye mchanga wa kuku bila maelezo.

Ikabaki hela kubwa. Hapo ndipo nilipokwama, na kukwama kwangu kulichukua msimu mzima wa mvua. Kidole cha Speransia nacho kilikuwa kijani. Kilikuwa kimechorwa na siagi ile ile. Nikiweka asetoni kuondoa ugonjwa, huenda ikaondoa na kidole. Nisipoweka, ugonjwa utakimaliza. Nilitaka kujua kama chini ya ule ukijani shaba yenyewe imechongwa au la, na hakuna kitabu changu kilichosema lolote kuhusu kidole cha msichana aliyekuwa akisuka maziwa. Nilichofanya ni kuchukua senti ya Mwingereza, nikajipaka siagi iliyochacha kwenye gumba langu mwenyewe, nikaibana, nikaiweka juu ya kabati langu la vitabu kwenye unyevu, nikasubiri. Nilikuwa naitazama kila asubuhi kabla ya kunawa uso. Wiki nyingi haikutokea kitu. Halafu ukatokea ukungu wa kijani, halafu mistari, halafu mimi mzima, kidole changu na kovu lake la utotoni. Lakini niliogopa kuiosha. Maana kama kitafutika, ningekuwa sina tena cha kujaribu wala cha kumwambia.

Niliiosha siku majina ya ajira yalipotoka. Nilishuka kwenye kichuguu nikijua kwamba jina langu halimo, safari hii hata kwenye nyongeza halimo, na nikaingia ndani nikiwa mtu asiye na cha kulinda. Nilichukua pamba, asetoni, ile senti. Nikapitisha mara moja. Kijani chote kikaja na pamba. Shaba ikabaki tupu, ya kahawia, na mimi nikakaa chini sakafuni nikahisi kwamba mwaka wote umefutika na pamba ile. Nilikaa hivyo mpaka mguu ukafa ganzi. Nilipoinuka nikaiokota kwa kitambaa, nikaielekeza dirishani, nikaigeuza kidogo. Mistari ilikuwepo. Ilikuwa myembamba, kahawia juu ya kahawia, lakini ilikuwepo, na kovu lilikuwepo. Bila shaka nilitoa sauti, kwani Mama Skola alikuja mbio na mikono yenye unga wa muhogo.

"Umepata kazi?"

"Hapana, mama. Nimepata kidole."

Akaketi kitandani kwangu na unga wake na kuomba aonyeshwe.

Hela kubwa tuliiosha mezani sebuleni, asubuhi, mlango ukiwa wazi ili tupate mwanga. Mzee alikaa pembeni juu ya viganja vyake. Aliniambia nioshe na pale pale alipoweka kidole Speransia, nisizungukezunguke. Nilipitisha pamba, kijani kikatoka, na kwa muda mfupi nilimwona mzee akiisikiliza pamba kama vile ingetoa mlio. Nikaigeuza kwenye mwanga. Mchoro ulikuwa umezama kuliko wangu, kwani ulikuwa na miaka mingi ya kuzama. Upande mmoja, pale unga ulipokwisha kula, mistari ilikatika na hakukuwa na la kufanya. Kwingine kote kulikuwa safi. Mama Skola ndiye aliyemweleza, mstari kwa mstari, huku machozi yakimshuka, akijifanya ni moshi ingawa jiko lilikuwa upande wa pili wa ua.

Kuzuia ni kazi kubwa kuliko kuondoa. Nililizunguka soko la Benaco nikiwaomba wauza viatu vile vifuko vidogo vya chembe za kunyonya unyevu vinavyokaa ndani ya maboksi. Walinicheka, wakanipa. Nilivikausha kwenye kikaango juu ya mkaa, nikavipanga ndani ya chupa ya kioo ya jemu, nikaiweka hela juu yake bila kuigusa kwa ngozi. Mama Skola alileta mpira wa baiskeli tubanie kifuniko, nikakataa, kwa sababu mpira una salfa na salfa huitia shaba weusi. Nikakibana kwa nguvu zangu zote, nikapitisha nta ya mshumaa kuzunguka. Chupa ikakaa kwenye kona ya sebule, mbali na dirisha. Madoa yakakoma. Wiki baada ya wiki niliitazama kwa kioo cha kukuzia na hakukuwa na jipya, na hicho kilikuwa kitu pekee mwaka ule nilichokianza kikasimama.

Nilipaswa kufurahi. Nilifurahi, halafu nikaanza kusikia kilichobadilika upande wa pili wa ukuta. Asubuhi mzee alikuwa akiuliza, "Yuko?" na Mama Skola akaenda kutazama chupa akajibu, "Yuko." Basi. Jumapili alikaa mbele ya chupa na kuielekezea uso, kisha akaomba aongozwe kitandani. Hakusema tena Kirundi kile cha chini chini. Kopo la sarafu nyingine hakulivuta. Nikaanza kujiuliza nimemponya nani. Nilijijibu kwamba kidole si cha kumfurahisha mzee, ni cha kumtambua Speransia, na siku atakapotokea mlangoni kila Jumapili ya ukimya itakuwa imelipwa. Jibu lilikuwa zuri. Nililihitaji kila siku, hilo ndilo lililonitia wasiwasi.

Baada ya mavuno ya maharage alikuja mwanamke kutoka ng'ambo ya mpaka wa Rusumo, wa umri ambao Speransia angekuwa nao, akimuulizia Gervasi. Nilikuwa nasahihisha madaftari sebuleni. Moyo wangu ulikwenda kwenye chupa kabla sijamwamkia. Lakini hakuja kusema kwamba yeye ndiye. Alikuwa dada wa yule mume. Alikuwa ametafuta nyumba hii muda mrefu, akielekezwa vibaya. Mama Skola akaharakisha kuleta ndizi, kwa desturi kwamba mgeni hasemi kabla hajala, na yule mwanamke akaisogeza sahani polepole. "Nikila sitaweza kusema," alisema. Basi akasema. Speransia hakufika. Aliugua kuhara njiani, siku za mwanzo kabisa za safari, wakiwa katika msongamano wa watu, na yeye mwenyewe, wifi mtu, ndiye aliyemfunga kitenge. Walimzika pembeni mwa barabara mahali ambapo hangeweza kupaonyesha tena. Kaka yake naye alikufa baadaye. Alikuwa ameona ni vibaya mzee huyu aendelee kungoja, na ndiyo maana amekuja.

Miaka yote ile, basi, kila Jumapili ya siagi na kila Jumapili ya leso, hakukuwa na mtu wa kuja. Majirani waliitwa, wakaja wakakaa, ingawa hapakuwa na maiti. Mzee hakulia mbele yao. Siku ya tatu walipokwisha kuondoka, alikaa kwenye kiti chake, akanyoosha mkono kuelekea kona.

"Mwalimu. Lete ile chupa. Ifungue."

Nilifanya kile ninachofanya siku zote. Nilisema kwamba tumefika mbali, kwamba kidole kimekaa, kwamba kikifungiwa hivi kitadumu kuliko sisi sote, wajukuu wa Mama Skola watakiona. Nilisema kwamba hewa ya msimu huu ina unyevu. Nilisema kwamba akikishika, chumvi itarudi, na safari hii hakuna ukijani wa kuficha chochote, mistari itakwenda, haitachukua muda. Nilikuwa nasema kweli. Na baadaye ilikwenda kweli. Kila likizo niliyorudi kumsalimu ilikuwa imepungua, mpaka mara ya mwisho nilipokabidhiwa hela ile nikaiona laini kama kokoto ya mtoni. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, kama alivyonisikiliza siku ile nyingine tonge likiwa mkononi.

"Nilikuwa namwekea yeye," alisema. "Yeye hana haja nayo tena, mwanangu. Mwenye haja ni mimi."

Nikaileta chupa. Aliishika akajaribu kifuniko, hakikusogea. Akanirudishia. Nilibandua nta kwa ukucha, nikakumbatia chupa kifuani, nikazungusha. Kilikuwa kigumu kwelikweli. Kilipoachia nikainamisha chupa juu ya kiganja chake, hela ikatoka pamoja na vifuko viwili vya viatu, na akaviacha vifuko vianguke. Akatafuta taji kwa ncha ya kidole. Akashuka chini yake, akapapasa pale, akaweka gumba lake, akalibana mpaka ukucha ukawa mweupe. Kisha akaanza kuzungumza, mdomo karibu na shaba, nami nikakaa chini karibu naye.